Njia ya Juu ya Ziwa

Faith alikuwa na miezi mitano Honkasalmi, mji mdogo wa mashambani huko Ufini, ambako alikuwa akiwahudumia wazee. Mji wenyewe ulikuwa misitu, maziwa na nyumba chache zilizotupana mbali. Mwezi wa Januari alimpigia simu mama yake, Kaviha, akamwambia kwa furaha kwamba ziwa limeganda, na sasa anakatiza juu yake kwa miguu kwenda kazini.

"Juu ya maji?" Kaviha akauliza.

"Juu ya barafu, mama. Ziwa wenyewe huliita yarvi. Sema: yarvi."

Kaviha alisema, lakini tangu siku hiyo hakutulia. Kwao Bofu, alikokuwa akiuza vitumbua mbele ya nyumba, wateja walianza kulalamika kwamba vinaungua. Mwishowe alimbana bintiye wakaafikiana: kila asubuhi Faith akishavuka, atume neno moja tu, nimefika. Lilikuwa likiingia saa mbili kasorobo.

Ijumaa moja halikuingia. Saa mbili ikapita. Kaviha akapiga, simu ya Faith haipatikani.

"Labda amesahau," mumewe Chengo alisema. Siku hiyo hakuwa amepata kibarua.

"Faith hasahau."

Alifagia ua, akaufagia tena. Alitoka mpaka barabarani, akarudi bila kukumbuka alilofuata. Ilipofika saa tatu alilivuta sanduku la chini ya kitanda, akatoa barua ya kazi ya Faith. Juu yake palikuwa na nambari ya makao ya wazee.

"Utaongea nao lugha gani?" Chengo akauliza.

"Nitie kredo ya kupiga simu, Baba Faith. Lugha niachie mimi."

Mwanamke alipokea, akasema maneno ambayo Kaviha hakuyashika hata moja. Kaviha akakohoa.

"Faith," alisema. "Faith. Yarvi."

Yule mwanamke akauliza kitu, sauti imepanda. Kaviha akarudia, "Faith, yarvi!" na kilio kikamtoka. Akasikia simu ikiwekwa mezani, kiti kikiburutwa, watu wakiitana, mlango ukifunguka. Kisha kredo ikaisha.

Saa nzima hawakujua lolote. Chengo alijaribu kuomba, akaishia katikati. Kaviha hakuweza kukaa. Alisimama, akaegemea ukuta, akasimama tena.

Simu ilipolia, ilikuwa nambari ngeni.

"Mama, umefanya nini?" Alikuwa Faith, akihema kwa hasira. "Simu imezimwa na baridi! Nilianzia nyumbani kwa mzee mmoja, sikupita makao. Wamewaita wazima moto, wananitafuta ziwani! Mji huu hauna watu elfu mbili, wote wameshajua."

"Na wajue," Kaviha alisema. Akaketi chini, palepale penye vumbi.

"Umeniaibisha."

"Nimekusikia sauti, mwanangu. Yatosha."

Faith akakata.

Siku mbili hakupiga. Siku ya tatu alipiga kwa baba yake. Chengo alitoka na simu uani, akasikiliza kwa muda mrefu. Aliporudi ndani alijifanya anatafuta viatu.

"Amesemaje?" Kaviha akauliza.

"Salamu tu."

"Chengo."

Akaviacha viatu. "Kasema nisikwambie. Wale wazima moto walitoboa barafu kupima unene wake, njia nzima anayopita. Katikati ni nene, haina neno. Lakini karibu na ng'ambo pana mkondo chini yake. Pale haifiki vidole vinne. Wamepafunga kwa kamba."

Kaviha alinyoosha vidole vinne, akaviangalia. Mwezi mzima mwanawe alikuwa amepita hapo, asubuhi na jioni. Aliichukua simu apige, akaiweka. Akaichukua tena.

"Usimpigie," Chengo alisema. "Ataona haya."

"Simpigii kumsuta. Nataka kumsikia tu."

Hakupiga. Asubuhi ya pili yake ujumbe uliingia: Nimefika, nimepita barabarani, mama. Kaviha aliusoma mara tatu, akamwonyesha Chengo, akarudi kwenye vitumbua. Mteja wa kwanza alisema vimeiva vizuri. Lakini mchana kutwa alikuwa akiacha mwiko na kuingia ndani kuutazama tena ule ujumbe, na jioni alimuuliza mumewe kama huko Ufini barabara nazo huganda.