Ramani ya Hironimus

"Faksi ni kitu gani?"

Mbele ya Hironimus walikaa watu wawili wa kampuni mpya ya tumbaku: bwana mmoja mwenye tai, na karani wake, binti aitwaye Careen. Nafasi ilikuwa ya kutunza ghala, na mtunza ghala alipewa chumba. Chumba! Chama cha ushirika alichokitumikia miaka ishirini kilikuwa kimekufa, na nyumba ya chama kule Matogoro yeye na mkewe Walburga waliamriwa waihame kesho kutwa.

"Faksi... ni aina ya ushuru?"

Careen akainamisha uso. Bwana akaendelea, "Mji mkuu wa Nigeria?"

Loo, hapo roho ikamrudia! "Lagos!"

"Abuja, mzee wangu. Walishahama."

Jamani, mtu huyu! Mwaka sabini na nne alishinda usaili wa chama kwa kutaja vyama vyote vya ukombozi bila kupumua. Tangu hapo, wabishi wa Songea wakishindwana walipelekwa kwake akate shauri. Leo jasho linamtiririka, na baridi yote hii ya Juni.

"Niulizeni Urusi," alisema, sauti ikimtoka kama ya ombaomba. "Umoja wa Kisovieti una jamhuri kumi na tano. Estonia, Latvia, Lithuania..."

"Mzee, umoja huo ulishavunjika."

Alijua. Alisikia redioni, chai ikapoa mkononi. Lakini nani alimwambia ajifunze nini badala yake? Akaendelea kuhesabu kwa vidole, Ukraine, Georgia, Armenia, kwa sababu akinyamaza tu, Walburga hana pa kulala. Kwenye ya kumi na moja akakwama.

"Asante, baba," Careen alisema taratibu. "Tutakuita."

Nyumbani, giza likiingia, alimkuta mkewe ameshafunga mizigo yote.

"Wamekuuliza nini?"

"Mji mkuu wa Nigeria."

"Lagos!" Walburga akapiga vigelegele, majirani wakachungulia. "Si ulinifundisha mwenyewe, mume wangu? Basi tumepata! Ngoja niibandue ramani yako, twende nayo huko chumbani."

Ramani ile ya dunia waliibandika siku walipohamia, kuziba ufa wa ukuta. Walburga akavuta pembe moja. Upepo wa milimani ukapenya, ukazima kibatari.

"Iache," Hironimus alisema. "Iache kwanza, mama."

Akaikandamiza ukutani kwa viganja vyote viwili, akabaki ameishikilia hivyo hivyo gizani.