Kisima cha Mpangaji

Aliyeingia shimoni ni Mama Mapovu, kwa sababu pete za zege walizopata zilikuwa nyembamba na mabega ya mumewe hayakupita. Zilikuwa pete zenye nyufa, zilizotupwa na mafundi kwenye jengo ambako mumewe alifanya kibarua. Waliziziba kwa saruji, wakazipanga moja juu ya nyingine, na kadiri alivyochimba chini yake ndivyo zilivyoshuka pamoja naye. Mumewe alivuta ndoo za udongo kutoka juu.

"Umefika kuzimu?" mume aliita. "Nisalimie bibi yangu. Mwambie ukoo wake bado unaogea kikombe."

"Acha maneno, vuta!"

Ndoo ikapanda. Alipoinua tena sululu alihisi baridi katikati ya vidole vya miguu. Akadhani ni jasho. Akasimama, akatega sikio, akaiweka sululu chini taratibu kama anayeogopa kuamsha mtoto.

"Mbona kimya? Mama! Uko hai?"

"Nimelowa," alisema. "Nimelowa miguu, baba watoto."

Alikuwa akifulia watu nguo, ndiyo maana wakamwita Mama Mapovu. Maji aliyafuata bombani, ng'ambo ya barabara kuu, na kuyabeba kichwani kwa madumu. Mimba yake ya mwisho iliharibikia njiani humo, dumu likiwa kichwani. Alilitua kwanza, akahakikisha limesimama vizuri, ndipo akakaa chini.

Kabla ya kugusa ardhi walikwenda kuomba ruhusa kwa mwenye nyumba, mzee mtaratibu, mstaafu, asiyepandisha sauti.

"Chimbeni tu, wanangu," aliwaambia. "Kwani nitawazuia kujihangaikia?"

Basi maji yalipopatikana walijenga ukingo, wakamwaga kokoto chini, wakafunika kwa zege na kufunga pampu ya mkono. Pampu hiyo ilimeza kila walichokuwa wameweka akiba. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Mama Mapovu alifua hadi jioni bila kutoka nje ya ua. Shingo ikaacha kumuuma. Akaanza kuimba, vibaya, na majirani wakamcheka.

Mwenye nyumba alikuja kuona. Alipiga pampu mwenyewe, akanywa kikombe, akaomba cha pili.

"Matamu," alisema. "Mmefanya kazi ya kiume, binti yangu."

Mara ya pili alikuja na bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, ambaye hakumsalimu mtu. Bwana yule alipiga pampu, akatazama maji yakitiririka, akatikisa kichwa kukubali. Mara ya tatu mzee alikuja peke yake.

"Nyumba nimepata mtu," alisema. "Ana familia, hawezi kukaa pasipo maji. Mtanipisha mwisho wa mwezi."

"Mzee wangu," Mama Mapovu alisema, mikono ikichuruzika povu, "maji haya si tumeyatoa sisi?"

"Mmeyatoa, sikatai. Na ardhi je, mlihamia nayo?"

Mumewe alichukua spana akaiendea pampu.

"Hizo nati zimo kwenye zege, mwanangu," mzee alisema kwa upole uleule. "Ukivunja zege, unavunja nyumba ya mtu. Hiyo ni kesi ya polisi."

Walikwenda kwa mjumbe wa mtaa. Aliwasikiliza hadi mwisho, akawapa pole, akawauliza kama wana shahidi. Hawakuwa naye. Wakati wanaaga, mjumbe alisema mzee yule ni mtu mwema sana. Mwingine asingewaruhusu hata kuchimba.

Siku ya kuhama, mwenye nyumba alikuja na mkokoteni aliokodi mwenyewe. Hakutaka walale nje, alisema. Alikuwa na nyumba nyingine, juu kwenye mwinuko, nafuu zaidi. Walimfuata kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Ilikuwa vyumba viwili vya bati na uwanja mkavu uliopasuka.

"Maji hakuna," mzee alisema. "Lakini uwanja ni mpana, na nyinyi ujuzi mnao. Sitawazuia."

Mama Mapovu alimgeukia mumewe, akingoja tusi litoke, ngumi, hata mate tu. Lolote angelisamehe.

Mumewe hakumtazama. Alitembea polepole uwanjani, akasimama penye majani machache yasiyokauka. Akapiga magoti, akakwangua ardhi kwa kucha, akachota udongo kidogo na kuunusa.

"Hapa," alisema. "Hapa pana unyevu."

Mzee alitabasamu, akasogea kupaona vizuri.