Kamba ya Nguo ya Mama Elsie

Krismasi ilipopita, Silvanus, fundi wa simu pale Voi, alijinunulia zawadi: vipande vya kuunda redio. Mkewe, Mama Elsie, alikuwa ameapa kwamba mtambo mwingine ukiingia nyumbani, utatoka pamoja na mwenyewe. Basi akaiunda kwa siri ndani ya stoo, na waya wa eriali akaufunga kwenye mti wa nje.

"Mama Elsie, nimekuletea kamba ya nguo!" akamwambia mkewe.

Jumamosi, Silvanus akiwa stoo na visikizio masikioni, katikati ya mpira, redio ikanyamaza. Mama Elsie alikuwa ameanika blanketi mbichi juu ya eriali. Silvanus akatoka mbio, akaanza kuzianua.

"Baba Elsie, mbona kamba yangu imeingia stoo?"

"Imekimbia jua."

Mama Elsie akaifuata kamba mpaka ndani, akavaa vile visikizio, akaketi.

"Nani amefunga bao?" Silvanus akauliza mlangoni, blanketi mikononi.

"Kaanike blanketi kwenye ua wa michongoma kwanza."