Mawimbi ya Nkome

Ndege ya uokoaji, iliyoundwa itue hata majini, ilizunguka juu ya ziwa karibu na Nkome, ulikopinduka mtumbwi wa abiria. Evance, mwokoaji, alimwona mwanamke mwenye gauni la njano ameng'ang'ania dumu.

"Tushuke," alimwambia rubani, Tereza.

"Mawimbi haya yatatuvunja," Tereza alijibu.

Evance alimtupia mwanamke yule boya, lakini upepo ukalipeleka mbali. Ziwa lilipotulia wakatua, wakalikuta dumu peke yake.

Mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, mzee mmoja alikuwa akiwasubiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mlimwona Limi wangu? Alivaa gauni la njano."

"Tulimwona, baba. Tulishindwa kutua."

Mzee akaketi mchangani. "Ndege yenu si inatua majini?" aliuliza taratibu.