Neno la Msiba la Leighton

Tulikuwa tumeshaliacha gereza nyuma, Toyota yangu inakohoa kwenye barabara ya vumbi jekundu, ndipo Leighton akauliza kama nimebeba chakula.

"Mikia miwili ya kangaruu, imeganda kama mawe," nikamwambia. "Mmoja wa mama yako, mmoja wa Doreen."

Aliposikia Doreen akageukia dirishani.

Leighton ni mwana wa dada yangu. Alikaa ndani miaka kumi na minne kwa kifo cha mume wa Doreen, ambaye simtaji jina. Kwetu sisi wenyeji asilia marehemu hatajwi. Leighton ndiye aliyemkuta amelala kando ya pampu ya maji, damu imeshakauka. Akampakata kichwa, akalia, na polisi walipofika akawa analirudia lile neno letu la msiba, “sorry”. Kwa Kiingereza chetu sisi, neno hilo maana yake pole, nimeumia. Polisi nao wanalo hilohilo, lakini kwao ni la kuomba msamaha. Wakaandika kwamba amekiri. Mwaka ule muuaji akajisema mwenyewe, akiwa mahututi, na majaji wakamwachia Leighton.

"Wamekupa nini pale getini?"

"Mfuko wa plastiki na suruali yangu ya zamani. Nikamuuliza yule dada wa dawati, nyumba je? Hata mtu wa kuzungumza naye? Akasema hivyo ni vya wafungwa wanaotoka kwa masharti. Mimi sina kosa, kwa hiyo hanijui."

"Ungeua kidogo tu, mwanangu, sasa hivi ungekuwa na nyumba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kuua kidogo ndiyo kukoje, mjomba?"

"Na fidia?"

"Wakili anasema tutaomba. Eti si haki yangu, ni hisani ya serikali." Akanigeukia. "Lakini sikiliza. Doreen akinifukuza, unirudishe mjini leo hii. Siwezi kukaa kijiji kimoja na mtu ambaye sijamlilia mumewe pamoja naye."

Nikasema sawa. Njia nzima iliyobaki nilikuwa naomba nisije nikaifanya kazi hiyo.

Doreen alikuwa kwenye blanketi nje ya nyumba yake, mbwa wamemzunguka. Tukakaa chini mbali kidogo, kama inavyotakiwa, macho chini, tukangoja. Mbwa wakaja kutunusa.

"We mzee," akaniita, "bado unaendesha kopo hilo?"

"Linafika, dada."

"Linafika kwa matusi." Kisha akamtazama Leighton. "Na wewe, mbona unakaa huko kama mkusanya kodi? Sogea."

Leighton akasogea kwa makalio, kidogo kidogo, kama mtoto.

"Umemlilia?"

"Kule hakuna mahali pa kulilia, shangazi."

"Basi sema."

"Lile neno? Ndilo lililonifunga."

"Lilisikiwa na masikio ya watu wengine," Doreen akasema. "Mimi bado sijalisikia."

Leighton akainama akalisema, chini kwa chini, na Doreen akamvuta kichwa hadi kifuani. Wakalia kwa sauti. Wanawake wa nyumba za jirani wakaja, hawakuuliza kitu, wakakaa wakalia nao. Kilio kile kilikuwa kimechelewa lakini kilikuwa kizima.

Doreen alimpa Leighton chumba cha nyuma. Tuliung'oa mlango, maana hakuweza kulala ukifungwa. Mshauri wa mambo ya akili huja kwa ndege, mara moja kwa miezi miwili, mvua ikiruhusu. Serikali ilitoa hisani yake mwaka wa tatu, bila kukubali kosa lolote. Leighton akamwezekea mama yake paa jipya. Dada yangu alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Wakili amehamia Perth. Doreen anafuga mbwa tisa. Mimi nimepata kazi ya kujenga uzio huko kaskazini.