Mlango wa Chumbani kwa Anatolia

Jumatatu saa nne asubuhi Evelyne alikuwa ofisini Kahororo, mkono mmoja kwenye kibodi na mwingine kwenye andazi, mama yake alipopiga simu kutoka Rubya.

"Umefungua mlango chumbani kwangu," alisema Anatolia. "Wameshapita saba. Mmoja ana matope."

Evelyne akaangalia kazi yake ya Ijumaa. Kampuni yao iliandika msimbo mmoja wa programu ya kutunza taarifa za wakulima wa kahawa, ukatumika kwenye Android, iPhone na Windows bila kuandikwa mara tatu. Sehemu za msimbo zilizoruhusiwa kutumiwa na watu wa nje ziliitwa za wazi. Zilizobaki, za ndani. Usipoandika neno "ndani", sehemu inakuwa ya wazi yenyewe. Na kila sehemu ya wazi ilitoboa mlango katika nyumba alikozaliwa mwandishi wake, walioitumia wakapita humo kuchukua taarifa. Hilo lilikuwa kwenye mkataba wa ajira, ukurasa wa tatu. Nyumba alikozaliwa bosi wao, Dastan, ilikuwa gofu huko Muleba mjini, kwa hiyo hakuwahi kupokea malalamiko.

Ijumaa Evelyne alikuwa amesahau neno moja.

"Naomba niufunge leo," alimwambia Dastan. "Mama ana kidonda mguuni. Anakisafishia chumbani, pale pale."

"Toleo limeshatoka. Wateja wa Mwanza wameshaanza kuutumia." Dastan hakuinua macho. "Nshomile mzima, msomi wa Kihaya, umeshindwa kuandika neno moja, sasa unataka niangushe programu za watu?"

"Ni chumba cha mama yangu."

"Ni sehemu ya wazi. Weka tangazo."

Jumamosi akaenda Rubya, akabandika karatasi: MLANGO HUU UTAONDOLEWA. TUMIENI WA SEBULENI. Watu wa Android walipita bila kuisoma, viatu na vyote. Wa iPhone waliisoma, wakasema mwandiko ni mbaya, wakapita. Wa Windows walisimama kizingitini wakamuuliza mwenye nyumba kama anawaruhusu. Anatolia, bandeji mkononi na mguu juu ya stuli, akasema hapana. Wakamuuliza kama ana uhakika.

"Waitu, mwanangu," alisema Anatolia, "ndizi zote zile niliuza ili ukajifunze kutoboa kuta?"

Evelyne akafungua kompyuta juu ya kitanda, akaandika neno lililosahaulika. Mlango ukatoweka, ukuta ukawa ukuta. Wanaume wawili waliokuwa katikati wakabaki humo, vichwa na vifua chumbani, miguu nje kwenye migomba. Hawakuumia, ila walitukana sana. Anatolia akawapa kisogo, akamaliza kufunga kidonda. Kisha, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akawapa kahawa ya kutafuna. Mmoja akasema imekaushwa vibaya.

Huko Mwanza programu zikaanguka. Jumapili, watu wakitoka misa, Dastan akalifuta lile neno, kisha akamwandikia Evelyne barua ya onyo. Wale wawili wakamaliza safari yao. Hawakuaga.

Tangu hapo Anatolia husafisha kidonda wapitaji wakiwepo. Asiyesalimia humshikisha bandeji chafu, naye huishika mpaka aambiwe aiache. Kidonda hakijapona.

Mwezi wa kumi na moja Dastan akaongeza mfumo wa nne. Watu wa mfumo huo walikuwa wapana, ikabidi mlango utanuliwe. Evelyne akapiga simu Rubya kabla ya kubonyeza.

"Upande gani?" aliuliza mama yake.

"Wa kitandani."

"Basi nasogeza kitanda. Na Krismasi baki hukohuko na bosi wako. Hapa hakuna pa kukulaza."

Evelyne akasubiri mpaka aliposikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu. Kisha akabonyeza.