Gome la Mjane

Zulmira aliweka kiganja kwenye shina la mwaloni akasikia mapigo ya moyo wake mwenyewe yakimrudia. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mti huu ameuona kila siku ya uhai wake, na bado kila alipousogelea alijikuta akishusha sauti kama mtu aliyeingia kanisani misa imeshaanza.

Mti wenyewe uliitwa Mjane. Watu wanne wakinyoosha mikono ndio waliouzunguka. Matawi yake yalianza juu kidogo ya kichwa cha mtu, kisha yakaenda, yakaenda, mpaka nguruwe weusi sitini walilala kivulini pake na nafasi ikabaki. Gome lilikuwa nene kama vidole vitatu, la kijivu, lenye nyufa unazoweza kuficha mkono ndani. Na juu ya gome hilo, kwa rangi nyeupe, ilikuwa imeandikwa tarakimu moja: 5. Ndiyo tarakimu inayomalizia mwaka ambao Mjane alivuliwa mara ya mwisho. Mwaloni wa aina hii huvuliwa gome kila baada ya miaka tisa, si kabla, na gome hilo ndilo linalokwenda kuziba chupa za mvinyo za watu ambao hawajawahi kuinua shoka. Miaka tisa ilikuwa imetimia. Mwaka huu ilipaswa kuandikwa 4.

"Unasali au unafanya kazi?" aliuliza Idalécio kutoka upande wa pili wa shina. Huyu alikuwa jirani, mwenye mashoka mawili na ulimi unaokata kuliko yote mawili. Kwa miaka thelathini alikuwa mwenza wa Florival, kaka yake Zulmira, kwa sababu mti mkubwa huvuliwa na wawili, mmoja huku na mmoja kule, kwa pigo linalojibizana.

Lakini Florival alipata kiharusi wakati wa baridi. Sasa alikuwa ameketi juu ya tela la trekta, mkono wa kulia umelala pajani kama wa mtu mwingine, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Usiku uliotangulia alikuwa amesema neno lake, na Florival hakuwa mtu wa kusema mara mbili.

"Bonde lisilo na shoka la nyumbani linageuka la wageni," alisema. "Wewe jaribu. Ukimvua Mjane sawasawa, bonde ni lako kuliendesha. Ukishindwa, Jumatatu nalikodisha kwa shamba kubwa. Watakuja na kundi lao, watavua wao."

Shamba kubwa! Zulmira alisikia ladha ya chuma mdomoni. Bonde lao lilikuwa dogo, la mawe, limezungukwa pande tatu na ardhi ya mabwana wa shamba hilo kama punje ya ngano ndani ya ngumi. Mara tatu tangu enzi za bibi yao mawe ya mpaka yalihamishwa, na mara tatu wanawake wa nyumba hii waliyabeba mgongoni wakayarudisha. Mjane wa kwanza, yule aliyeupa mti jina lake, alifiwa na mume akiwa na watoto watano, na wiki hiyohiyo akaletewa mtu wa kununua bonde kwa magunia mawili ya ngano. Alimpokea chini ya mti huu akiwa na jembe mkononi, na hakulilaza mpaka mtu yule alipoondoka. Baba yao, Belchior, kwa kuwa bonde linalipa mara moja tu katika miaka tisa, alilazimika kwenda kusimama uwanjani kijijini kila alfajiri kutafuta kibarua, na msimamizi wa shamba kubwa akipita anawachagua watu kwa kuwabonyeza mikono, kama ng'ombe mnadani. Mambo hayo hayajaandikwa kwenye vitabu vyao. Yameandikwa kwingine.

"Zulmira, shoka si mwiko wa jikoni," Idalécio alichokoza.

"Na mdomo si shoka, Idalécio. Ungekuwa shoka, ungekuwa umeshavua nchi nzima."

Juu ya tela Florival alitoa sauti ndogo puani. Kwa mtu aliyemjua, hicho kilikuwa kicheko.

Tangu zamani wanaume walishika shoka na wanawake walibeba gome. Zulmira alibeba tangu ana miaka kumi. Lakini masikio hayana mizigo. Miaka yote ile, magome yakimkwangua mabega, alikuwa akisikiliza. Alijua kwamba shoka likitoa sauti ya mtungi mtupu, gome limeachia na litatoka. Likitoa sauti fupi, kavu, gome bado limeng'ang'ania, na ukilazimisha litang'oka na ngozi ya ndani, ile ngozi laini ambayo ndiyo uhai wenyewe wa mti. Kwa miaka mitatu iliyopita alikuwa akivua mialoni midogo ya ukingoni, peke yake, bila kumwambia mtu. Florival aliiona tarakimu mpya kwenye miti ile na hakuuliza.

Alitema mate viganjani. Akapiga.

Sauti ikarudi pana, yenye tumbo. Idalécio akajibu kutoka upande wake. Pigo lake, pigo la yule. Zulmira alifuata ufa mrefu ulioteremka tangu kwenye matawi, na kila shoka lilipozama alilizungusha kidogo, kiasi cha kulifungua gome, asiguse ngozi ya ndani. Kisha akakata kwa mviringo juu, akaugeuza mpini, ncha yake iliyochongwa kama kabari akaichomeka katikati ya gome na mti, akaegemea kwa uzito wake wote.

Mjane akavuma. Kweli, ulitoka mvumo ndani ya mti, halafu mlio kama wa shuka ndefu inayochanwa taratibu, na ubao wa gome, mrefu kumshinda yeye, ukamjia kifuani. Aliukumbatia asije akauangusha. Harufu ikatoka, ya unyevu na udongo na kitu kama mkate mbichi.

Akautazama mti, akasahau kuulaza ubao chini.

Ndani, Mjane alikuwa na rangi ambayo haina jina kwa sababu haikai. Mwanzo ilikuwa ya krimu, yenye kung'aa kwa maji, matone madogo yakichipuka kila mahali kama jasho kwenye mdomo wa juu wa mtu. Hewa ilipoigusa ikaanza kuwa ya waridi mbele ya macho yao. Mishipa myembamba ilionekana ikipanda. Ulikuwa mti wa miaka zaidi ya mia mbili, uliokwisha kuzika vizazi vitano, na ulikuwa laini kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ndege keremkerem walipita juu wakimwaga rangi zao, korongo aligonga mdomo kwenye kiota chake, na bonde lote, mialoni mia nane ikishuka hadi kijitoni, kila mmoja na tarakimu yake, na vichaka vya maua meupe vikinuka utomvu katika joto, lilionekana kushika pumzi.

"Mama yangu," alisema Idalécio, na safari hii hakuongeza kitu.

Saa tano walikuwa wamemaliza upande mzima wa mashariki. Wakala pale pale: mkate wa juzi ndani ya maji ya moto yenye kitunguu saumu na giligilani, yai juu yake, zeituni pembeni. Zulmira alimlisha kaka yake kijiko kwa kijiko, naye akala akiutazama mti, wala si kijiko.

Waliporudi kwenye shina, upepo ulikuwa umegeuka.

Ulitoka mashariki, mkavu, wa moto, ule upepo unaopasua midomo na kufanya mbwa wagombane. Zulmira alipiga pigo la kwanza upande wa magharibi. Sauti ilikuwa fupi. Akapiga tena, chini kidogo. Fupi. Akachomeka ncha ya mpini kwa upole sana, akasukuma, na gome likanyanyuka kidole kimoja tu, na chini yake ukavutika uzi mweupe, mbichi, ukanyooka kama nyama.

Akautoa mpini. Akalaza shoka majanini.

"Nini tena?" aliuliza Idalécio.

"Amefunga. Upepo umemkausha."

"Amefunga nini? Ni upepo kidogo. Kaza."

"Nimesema amefunga. Hatuendelei."

"Wewe!" Idalécio aliuzunguka mti, uso umemwiva. "Uuache mti nusu? Njia ya kijiji inapita pale! Jumapili watu wote watapita hapa wakienda kanisani, watasema Idalécio alimwacha bibi kizee na sketi upande mmoja. Miaka arobaini sijawahi kuacha mti nusu."

"Basi utaanza leo."

"Umechoka, sema umechoka! Hakuna aibu. Mikono ya mwanamke ni ya mwanamke. Kaa pembeni, nimalize mwenyewe."

Akainua shoka. Zulmira akasimama kati yake na mti. Alijua ni nani anayemwangalia kutoka kwenye tela. Alijua Jumatatu ni siku ya pili kutoka leo. Mti ulioachwa nusu, katika nchi ile, ni kushindwa kunakoonekana kutoka kilimani, na kaka yake alikuwa amesema: sawasawa.

"Utanipiga mimi kwanza," alisema. "Miaka tisa ijayo watu watakuwa na kizibo kipya. Mjane mwingine sina."

"Idalécio." Ilikuwa sauti ya Florival, nzito upande mmoja tangu ugonjwa. "Shusha hicho chuma. Niteremsheni."

Wakamteremsha, mmoja huku na mmoja kule, wakamfikisha kwenye shina. Aliweka mkono wa kushoto kwenye upande uliovuliwa, akauacha hapo muda mrefu. Kisha akalaza sikio kwenye gome la magharibi.

"Piga mara moja," alimwambia Idalécio. "Kwa kisogo cha shoka."

Idalécio akagonga. Hata nguruwe wangesikia jinsi ilivyokuwa fupi.

Florival alinyoosha kidevu kuelekea ng'ambo ya ukuta wa mawe, kwenye mteremko wa shamba kubwa, ambako mialoni mikavu ilisimama mistari kwa mistari, myeupe kama mifupa.

"Mnaiona ile? Mmeiona maisha yenu yote. Mnadhani mnajua kilichoiua?" Alimeza mate. "Ilikuwa miaka miwili kabla wanajeshi hawajaiangusha serikali ile ya kidikteta. Nina miaka kumi na minne. Upepo kama huu. Baba akamwambia msimamizi, bwana, miti imefunga. Msimamizi akasema, vua, au kesho usisimame uwanjani. Miti mia tatu. Ilipokufa wakasema ni Belchior aliyeiua, wakamtoa meno mawili kambini kwa askari. Nchi nzima ilijua Belchior ni mwuaji wa miti. Alikufa na jina hilo."

"Hujawahi kutuambia," Zulmira alinong'ona.

"Kwa sababu nilikuwa na shoka mkononi, Mira. Nilisikia. Sauti ileile niliisikia kwa masikio yangu. Nikapiga, kwa kuwa kila mtu alikuwa akipiga." Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado kwenye mti. "Nimevua miti maisha yangu yote nikiitwa fundi. Sijawahi hata siku moja kulilaza shoka chini."

Jasho la mti lilikuwa limelowesha vidole vyake.

"Leteni rangi," alisema.

Zulmira akaleta kopo na brashi. Florival aliandika kwa mkono wa kushoto, upande wa mashariki, 4 iliyopinda kama mtu anayepanda mlima. Kisha wakamfikisha upande wa magharibi, akaitazama ile 5 yake mwenyewe ya zamani, iliyoandikwa kwa mkono uliokuwa mzima, akairudishia brashi juu yake ikawa nyeupe mpya.

"Upande huu atavuliwa mwakani, au mwaka wa pili, siku akiachia. Utasikiliza wewe. Kuanzia leo ana miaka miwili tofauti mwilini, na anayetaka kumhudumia lazima aishi hapa." Akamgeukia Idalécio. "Jumatatu upepo ukitulia mnaanza upande wa kijito. Wewe ni mwenza wake, au nitafute mwingine?"

Idalécio alikuwa akifuta shoka lake kwa nyasi, anafuta mahali palipokwisha kuwa safi.

"Mwenza mwenyewe anaacha kazi katikati," alisema. Akafuta tena. "Saa kumi na mbili asubuhi. Na asije na ile kahawa yake ya maji."

Hawakuondoka mpaka jioni. Jua lilikuwa limeingia chini ya matawi, na ubavu wa Mjane uliokuwa wa waridi ukaanza kugeuka kuwa wa chungwa, kisha wa shaba, polepole, mbele yao watatu, bila wao kuweza kusema ni wakati gani rangi moja iliisha na nyingine ikaanza.